Mlinzi wa Posta ya Mlowezi

Hapo zamani, wala si zamani za babu wa babu, palikuwa na mji mdogo katikati ya mbuga, ukiitwa Mlowezi. Fahari yake ilikuwa jengo la posta, la mawe matupu, lililojengwa na wazee wa mji kwa mikono yao. Posta ilipohamishiwa kwingine, jengo likaachwa. Akabaki Mwaja, aliyegonga mihuri mle tangu usichana wake. Hakuwa na mume wala mtoto. Akaishi chumba cha nyuma. Alifagia, alipaka chokaa, aliziba paa. Lakini hakutulia. Upepo ukivuma, hutoka kuangalia mabati. Gari likinguruma, hutoka kuangalia barabara.

Kiangazi kimoja moto wa nyasi ukaja mbio kutoka mbugani. Kati ya moto na posta palikuwa na nyumba ya nyasi ya Chitemo, fundi mwashi. Chitemo akawatoa wanawe, akaibomoa nyumba yake, akaburuta nyasi zote mbali. Moto ukafika pale, ukakosa cha kula, ukafa.

Baadaye tajiri mmoja akakitaka kiwanja ajenge kituo cha mafuta. Akatuma tingatinga. Mwaja akasimama mlangoni.

"Ondoka, mama," akasema dereva, kijana mgeni aitwaye Mhando.

"Niende wapi, mwanangu?"

Mhando akamtazama, akazima injini, akashuka. Siku hiyo hiyo akafukuzwa kazi.

Zogo likawafikia wakubwa wa wilaya. Wakaja, wakaliona jengo, wakatangaza: "Jengo hili ni urithi, lisiguswe! Ila mlinzi ni mmoja tu. Mshahara ni wake, na chumba cha nyuma ni chake. Chagueni."

Mji ukakusanyika.

Chitemo akasema, "Nilibomoa kwangu ili hili lisimame. Wanangu hadi leo wanalala kwa jirani."

Mhando akasema, "Mimi si wa hapa. Lakini ningetii, mngekuwa mnagombea kifusi. Sasa hakuna anayeniajiri."

Mwaja akasimama, akakaa, akasimama tena. "Bila mimi msingekuta cha kuokoa. Nikitoka mle, nalala wapi?" Akawaona watoto wa Chitemo, akamwona Mhando na kifurushi chake cha nguo, akakaa tena.

Watu wakabishana hadi wakachoka. Mwenyekiti wa mji akainua macho, akatafuta wa kumsaidia.

Haya, nyie mlioketi hapa, anawatazama nyie: je, chumba kile alistahili nani?