Mbavu Tatu za Mwenye Duka

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja mwenye duka la saruji na misumari, mtu mzima, mwenye kifua kipana na heshima zake. Mlango wa pili kutoka kwake alikaa mama mmoja fundi cherehani. Mama huyu aliwahi kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza kwa siku mbili. Alibonyeza vifua vya midoli hadi mikono ikamuuma, kisha akarudi kwenye cherehani yake. Hakuna aliyemuuliza alijifunza nini.

Siku moja, saa nne asubuhi, mwenye duka alikuwa akimpimia mteja misumari. Akaanguka kama gunia. Watu wakajaa. Mmoja akampepea kwa kofia. Mwingine akamvua viatu. Mwingine akakimbilia maji ya kumwagia usoni. Wote walimpenda, na wote walikuwa wakimtazama akifa.

Mama akaiacha nguo chini ya sindano, akaja. Akamtikisa bega, akamwita. Kimya. Akatazama kifua: hakipandi wala hakishuki. Akapiga magoti, akaweka kiganja katikati ya kifua, na kingine juu yake, akanyoosha mikono na kusukuma kwa uzito wake wote.

"Wewe, tafuta gari! Wewe, nihesabie kwa sauti!"

Mara thelathini. Kisha akamwinua kidevu, akamziba pua, akampulizia pumzi mbili mdomoni. Kisha thelathini tena. Katikati ya hesabu ubavu ukalia, ko! Watu wakapiga kelele: "Mama, unamuua!"

Ningekuwa mimi, nadhani ningeacha. Na wewe je? Yeye hakuacha. Aliendelea huku jasho likimdondokea yule bwana kifuani, mpaka bwana akakohoa, akavuta pumzi yake mwenyewe. Gari likampeleka hospitali. Akapona.

Mwezi na nusu baadaye, mwenye duka akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kushtaki.

"Huyu mama amenivunja mbavu tatu," akasema. "Kucheka siwezi, kupiga chafya siwezi, kitandani sigeuki. Aniombe radhi mbele ya watu. Mbona mwenzake alinipepea tu kwa kofia? Yule ndiye mwenye huruma."

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Kwani haikuwezekana kubonyeza taratibu?"

"Kichanga, mwenyekiti, nambonyeza kwa vidole viwili. Mtoto, kwa mkono mmoja. Huyu ni mtu mzima. Ningembonyeza kama kichanga, tungemzika na mbavu zake zote nzima."

Kisha akamtazama mshtaki wake. "Pole, baba. Maumivu ni yako, na siyacheki. Naomba radhi kwa mbavu. Lakini ukianguka tena kesho, nitazivunja tena."

Yule bwana akavuta kiti. Akakaa, ameshika ubavu, ameinamisha kichwa. Kesi ikaishia hapo.

Sasa, sisi. Tukianguka, tunampenda nani? Tunampenda anayetupepea. Mkeo alipokuambia, "Baba fulani, pombe inakumaliza," ulisema hana adabu. Mzee wa kanisa alikuja sebuleni kwako, akakwambia kwamba mbele ya watu unasali, lakini nyumbani watoto wanakuogopa. Tangu siku ile humpi mkono. Lakini uliacha pombe. Na watoto wako sasa wanakukimbilia ukirudi. Umepona, na bado unashtaki.

Nami niwaonye wale wenye mikono mizito. Mama yule alitazama kifua kwanza. Mtu anayepumua habonyezwi. Kuna ndugu zetu hawana shida yoyote, na sisi tumewavunja mbavu kwa maneno, tukaita huo ukweli. Huo si uponyaji, ni ukatili.

Lakini leo nasema hasa na wewe uliyepona. Yule aliyekuumiza ukaishi hajaja kukudai shukrani, wala hatakuja. Wewe ndiye wa kwenda. Huhitaji kusafiri. Yumo humu kanisani, na asubuhi hii ulipokuwa ukitafuta pa kukaa, ulimwona, ukapita upande wa pili.