Masizi ya Kibuyu cha Bi Ngedere

Chungu!

— Kipo mekoni.

Kina nini?

— Kina hadithi.

Basi sogeeni. Na mikono iendelee kupukuchua, maana nawajua ninyi, masikio yakifunguka mikono inalala. Wewe wa huko nyuma, mahindi hayo si ya kutafuna.

Hapo zamani, zamani sana, aliyemzaa bibi yangu hajaota hata jino, wanyama walikuwa wakulima. Msinicheke. Hata Ngedere, huyu tunayemfukuza kwa mawe, alikuwa na shamba lake na jembe lake. Wala hakuwa na uso mweusi. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama mwili wake, na viganja vivyo hivyo.

Nyakati hizo kila nyumba ilikuwa na jiko uani, na juu ya mafiga ya kila jiko kilining'inia kibuyu cha mbegu. Mtama ulipoiva, hakuna aliyekula hata punje moja kabla mama mkubwa wa nyumba hajaingia shambani peke yake. Alichagua masuke mazuri kuliko yote. Akayapukuchua, akachanganya punje na majivu, akazitia kibuyuni, akaziba, akatundika. Moshi ukapanda kila siku, mwaka hadi mwaka, mpaka kibuyu kikawa cheusi tititi.

Ukiingia jiko la namna ile unapokelewa na harufu ya moshi na mtama mkavu. Mimi nimeiwahi, kwa bibi yangu.  Haya, tuendelee.

Bi Ngedere alikirithi kibuyu chake kwa mama yake. Siku ya mwisho ya kukitundika, mama yule alikishika kwa mkono uliolowa maji, na vidole vyake vitano vikabaki kwenye masizi. Hakuishi kuziona mvua za mwaka ule. Kwa hiyo Bi Ngedere alipokiteremsha alishika kamba tu, tumboni hakukigusa. Kila asubuhi akiwasha moto alikitazama na kusema, "Umeamkaje, mama?" Kisha akabandika uji wa mjukuu wake, Siwema, mtoto aliyeachiwa na binti yake.

Siku moja akatua mgeni, Korongo. Mweupe pee, kuanzia shingo mpaka ncha za mabawa. Huyo alikuwa ametembea dunia. Wanyama wakamzunguka wapate habari.

"Ndugu zangu," akasema Korongo, "dunia inakwenda mbio. Huko ninakopita vinywa vinaongezeka, mashamba yanapungua, na mvua haijui tena miezi yake. Wakulima wa huko wameacha mambo ya kila nyumba na mbegu yake. Wote wanapanda mbegu moja, hii hapa."

Akafungua kifurushi. Punje nyeupe za mahindi, nene kama meno ya kiboko. Akawagawia wote, bure.

Wakamshukuru, wakampikia. Naye kwa baridi ya asubuhi akamfuata mpishi mpaka jikoni aote moto. Tone la masizi likamdondokea bawani. Korongo akakohoa, akajifuta, akatazama juu kule kwenye kibuyu.

"Mnakula vitu vinavyotoka humu?" akauliza kwa upole.

Basi. Akala, akaaga, akaruka. Lakini aibu, wenzangu, aibu ni kitu kibaya. Mzee Ngiri, mkubwa wa kijiji, akapiga mbiu kwamba kila nyumba ioshe kibuyu chake, mgeni akirudi asitukute vile.

Wakaenda mtoni. Wakamwaga majivu, wakapepeta mbegu zikawa safi, wakasugua vibuyu kwa mchanga mpaka vikang'aa. Mto ukawa mweusi, samaki wakapiga chafya. Kisha wakavirudishia mbegu, wakavipanga barazani, kila apitaye avione.

Bi Kanga akampitia jirani yake. "Shoga, twende mtoni. Umebaki wewe tu."

"Changu sikioshi," akasema Bi Ngedere.

"Una nini wewe?"

"Kina mkono wa mama."

Bi Kanga akacheka mpaka madoa yakamtikisika mgongoni. Akaenda kuwahadithia wengine, nao wakacheka.

Mwaka wa kwanza mbegu ya Korongo ilizaa mpaka mahindi yakakosa pa kuwekwa. Tuseme ukweli, haikuwa mbegu mbaya. Bi Ngedere naye aliipanda. Ila nyuma ya jiko alibakiza mstari mmoja wa mtama, akavuna, akabadilisha mbegu za kibuyu, majivu, kamba, moshi, vilevile kama alivyofundishwa.

Mwaka wa pili walipanda mahindi waliyovuna wenyewe. Yakatoka mafupi, magunzi yana punje moja moja kama kinywa changu hiki. Korongo akaja, akawaletea nyingine. "Mbegu hii hamrudishi shambani," akasema. "Kila mwaka mtaningoja mimi." Wakasema sawa, tutakungoja.

Mwaka wa tatu wakangoja. Wakatazama juu mpaka shingo zikawauma. Korongo hakuja.

Mzee Ngiri akasema, "Tusihangaike. Si tuna vibuyu vyetu?" Akakichukua chake barazani, kinang'aa, akakitikisa. Hakikulia. Akakifungua, kikatoka unga na fukusi. Cha Bi Kanga, unga na fukusi. Wakafungua vyote. Ndipo walipojua kazi ya yale majivu na ule moshi. Mzee Ngiri akakaa chini palepale.

Kikabaki kibuyu kimoja, na mvua nayo ikachelewa. Akiba ya mahindi ikaisha, wakala mizizi, nayo ikaisha.

Siku ya kwanza Siwema akasema, "Bibi, nataka ugali wa mtama." Bi Ngedere akanyoosha mkono kwenye kamba. Akaurudisha. "Tungoje mvua, mwanangu."

Siku ya pili Siwema akasema, "Bibi, tumbo linaniuma." Bi Ngedere akanyoosha mkono, akafungua fundo. Akalifunga tena. "Tungoje mvua, mjukuu wangu."

Siku ya tatu Siwema hakuomba kitu. Alilala tu, anatazama kibuyu. Hapo ndipo bibi yake alipoogopa kwelikweli.

Akakiteremsha. Akasema, "Mama, unisamehe. Nikimzika huyu, nitampandia nani?" Akatoa konzi moja, moja tu, akaosha majivu, akasaga, akapika uji. Siwema akanywa, macho yakarudi. Na alasiri hiyohiyo mvua ikapiga.

Sasa sikilizeni. Mbegu zile zilitosha shamba la Bi Ngedere na akiba juu. Angeweza kufunga mlango wake, na nani angemlaumu? Walimcheka wote. Akasimama mlangoni na kibuyu chake, akamwona Bi Kanga kwenye mvua, anaparua ardhi tupu kwa kucha, na vifaranga wake nyuma wanamtazama.

"Shoga, njoo," akaita. "Waite na wenzako."

Wakaja, wanatetemeka kwa njaa na baridi. Bi Kanga akasema, "Mimi nilikucheka."

"Ulinicheka. Chukua mbegu. Shika kwenye kamba tu, tafadhali."

Lakini mikono yenye njaa haisikii habari ya kamba. Bi Kanga alikikumbatia kibuyu kwa mabawa mawili. Mzee Ngiri alikishika tumboni. Kikapita huku, kikapita kule, mvua inanyesha, kila mmoja akatoa konzi yake. Kiliporudi kwa mwenyewe kilikuwa na alama za kila mtu.

Siwema akakigeuza, akakigeuza tena. "Bibi, vidole vya mama yako havipo."

Bi Ngedere akakipokea. Alikishika kwa viganja viwili, akakibana usoni, akalia kama siku ile ya msiba. Alipoinua kichwa uso wote ulikuwa masizi, na viganja vyote masizi. Siwema akaleta maji amnawishe, bibi yake akakataa. "Acha," akasema. "Mama sasa yuko huku."

Mpaka leo Ngedere ana uso mweusi na viganja vyeusi.

Mtama ukaota kwa wote. Ulipoiva, akaingia kwanza mama mkubwa wa kila nyumba, peke yake, na vibuyu vikarudi juu ya moto.

Na Korongo? Alikuja mwaka wa nne, amekonda, bwawa lake la huko mbali lilikuwa limekauka. Hawakumfukuza. Walimkaribisha jikoni, akapewa ugali wa mtama na kunde. Masizi yakamdondokea mabawani, tone, tone, tone. Safari hii hakujifuta. Mtazameni akiruka, ncha za mabawa yake ni nyeusi mpaka leo.

Wanangu, wageni watakuja na mbegu zao, na nyingine ni nzuri, zipokeeni, zipandeni. Lakini kitu cha kwenu kikikutia aibu mbele ya mgeni, ulizia kwanza kazi yake, ndipo ukioshe.

Jiko la bibi yangu nililivunja mimi mwenyewe, nikajenga hili la bati. Kibuyu chake nilikiosha kwa sabuni. Ndiyo maana hadithi hii naijua vizuri.

Chungu!

— Kimeepuliwa.

Kina nini?

— Kimebaki ukoko.

Ukoko ni wangu. Ninyi ondokeni na hadithi, na yale mahindi mazuri niliyoyatenga pale pembeni kwa mbegu, asiyaguse mtu.