Nadhiri ya Bi Mize Mjini Osaka

Hapo zamani, na msinikunjie uso, zamani yangu si lazima iwe ya mazimwi. Hata mwaka juzi ni zamani kwa mtu msahaulifu. Basi hapo zamani palikuwa na mume na mke wa Wete, kule Pemba. Mume akiitwa Khatibu, fundi wa kutengeneza cherehani mbovu. Mke akiitwa Bi Mize, mshona kofia za mkono.

Miaka arubaini Fundi Khatibu alifungua cherehani za Kijapani, akazisafisha, akazitia mafuta, akazifunga. Kila akimaliza moja alisema, "Mama Raya, iko siku nitakwenda kuuona mji wa watu hawa." Na kila siku Bi Mize akimjibu, "Kwanza kunywa chai yako, inapoa." Siku hiyo ilipofika kweli, watoto wameshachanga na tiketi ziko mezani, mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika fundi macho yote mawili. Kivuli cha mtu anakiona, uso hauoni.

"Sasa mimi nikaone nini?" akauliza.

"Wewe nishike mkono," akasema Bi Mize. "Mimi nitakuangalizia."

Walikwenda Osaka kwa siku tatu. Tatu tu! Na Bi Mize akawa hafungi mdomo. "Baba Raya, kuna kaa wa bati juu ya mlango wa mgahawa, mkubwa kushinda chumba chetu, anachezesha miguu."

"Anauma?"

"Bado hajaanza. Njoo huku. Watu wako kwenye ngazi ya umeme, wote wamesimama kulia, kushoto wamewaachia wenye haraka. Wala hakuna askari!"

Jioni ya kwanza wakamkuta mwanamke anapika vitumbua. Wallahi, chuma ni kile kile chetu cha mashimo, ila huyu ndani anatia pweza. Fundi alikula sita, akafuta midomo, akasema mji unaotia pweza kwenye kitumbua si mji wa mchezo. Usiku walilala wanacheka.

Siku ya tatu ndiyo yenye kisa. Asubuhi walikwenda stesheni kupanda treni ya kuzunguka mji, waage. Sasa jueni kwamba kwetu gari huondoka likijaa, na mwanamume mwenye adabu hapandi kabla ya wazee. Bi Mize akatangulia kuingia. Fundi alipotaka kumfuata, akaona mbele yake migongo iliyoinama. Akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha mkono.

"Piteni, mama zangu, piteni." Akapita bibi wa kwanza. Akapita wa pili. Akapita wa tatu, wa nne, wa tano. Mji ule una wazee wengi, na Fundi Khatibu ana adabu nyingi. Alikuwa anamkaribisha wa sita mlango ulipojifunga, maana treni ya Osaka haingoji kujaa, inangoja dakika yake.

"Baba Raya!" Bi Mize akapiga kioo kwa viganja. Treni ikaondoka. Alichokiona mwisho ni mumewe, mkono bado umenyooka, anakaribisha watu.

Jamani, yule mama alilia. Simu ilikuwa kwenye mkoba wake. Pasi zote mbili kwenye mkoba wake. Karatasi yenye jina la hoteli kwenye mkoba wake. Na huyo mzee, asiyeona hata uso wa mtu, amebaki peke yake katikati ya maelfu ya watu. "Nimemwacha mume wangu," akasema kwa sauti, wala hakujali nani anamtazama.

Humo mkobani mlikuwa na kofia. Aliishona miezi saba, fundi aivae Idi, na alishona maua yake yameinuka kidogo ili fundi ayatambue kwa vidole. Akaishika kofia, akaweka nadhiri: "Ya Rabi, atakayenirudishia mume wangu, kofia hii ni yake."

Wa kwanza kusikia kilio chake alikuwa Bibi Fumiko, yule wa tano kukaribishwa. Alikuwa na miaka themanini, anakwenda hospitali kukiona kitukuu chake cha kwanza, zawadi ameifunga kwenye kitambaa, na saa ya kutazama wagonjwa inakaribia kwisha. Akaelewa bila tafsiri. Akatoa peremende mfukoni, maana mabibi wa Osaka hawatoki nyumbani bila peremende za kuwapa watu wasiowajua, akamtia Bi Mize mkononi. Kisha akamshika mkono wenyewe, akamshusha kituo kilichofuata, akampandisha treni ya kurudi. Hakumwachia hata kidogo. Na ile saa ya hospitali ikapita.

Wakafika kituo cha kwanza. Fundi hayupo! Wakamkuta Bwana Okuda, mfanyakazi wa stesheni, mwenye glavu nyeupe na simu inayotafsiri maneno. Miaka ishirini na sita kazini, hana doa. Angeweza kutangaza kwa Kijapani, lakini fundi angejuaje kama anayeitwa ni yeye? Na sharti la kazi lilisema mgeni haruhusiwi kugusa kipaza sauti. Okuda akalitazama lile sharti pale ukutani, akatazama machozi ya Bi Mize, akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Baba Raya! Ni mimi, Mize! Simama hapo hapo ulipo! Usiende popote!"

Stesheni nzima ikainua vichwa. Na huko chini, karibu na mlango wa barabarani, alikochukuliwa na umati, Fundi Khatibu akaisikia sauti ya mkewe inatoka juu, inatoka kulia, inatoka kushoto, inatoka kila mahali. Asimame vipi? "Nipo hapa, Mize! Uko wapi?" Akawa anaifuata, na anavyoifuata ndivyo anavyokwenda kwenye magari.

Akamgonga mtu begani. Huyo alikuwa Bwana Seiji, mkandaji wa viungo, asiyeona tangu kuzaliwa, ana fimbo nyeupe. Seiji hakujua neno la Kiswahili. Ila sikio lake likamwambia kwamba lugha inayolia darini na lugha inayojibu hapa chini ni moja. Akamshika fundi mkono, akauweka begani kwake, wakaelekea ofisi ya stesheni, palipo na kipaza sauti. Sakafu ya mji ule ina vigae vya manjano vyenye vinundu, wasioona wavifuate kwa nyayo. Wakavifuata, asiyeona mbele, mwenye ukungu nyuma, na umati ukawapisha.

Bi Mize alipowaona alimkumbatia mumewe mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya miaka arubaini na moja ya ndoa. Kisha akamgombeza. "Nani alikutuma kukaribisha watu kwenye treni isiyo yako?"

"Walikuwa wazee, Mama Raya," akasema fundi, naye analia.

Wakakalishwa ofisini, chai ikaletwa. Ikaletwa pia barua ya kumwonya Bwana Okuda, kutoka kwa mkubwa wake. Bi Mize akaweka kofia mezani, akaeleza nadhiri, simu ikatafsiri. Mnadhani waligombania? Thubutu!

"Apewe bibi," alisema Okuda. "Mimi nilikuwa kazini kwangu. Yeye amekosa kumwona mtoto aliyezaliwa jana."

"Mimi nilishuka treni tu," alisema Bibi Fumiko. "Nani hajawahi kushuka treni? Apewe Bwana Seiji. Bila yeye, mzee huyu angeshafika barabarani."

"Mimi sikupoteza kitu ila robo saa," alisema Seiji. "Wala sikumtafuta, alinigonga mwenyewe. Bila ile sauti ningedhani ni mlevi. Apewe Bwana Okuda, aliyetiwa doa kwa ajili yake."

Kofia ikazunguka meza mara ya kwanza, ikazunguka mara ya pili. Bi Mize akamgeukia mumewe. "Baba Raya, sema wewe."

Fundi akaichukua kofia, akapitisha vidole juu ya maua, taratibu, ua moja baada ya jingine. "Nadhiri ni yako," akasema. "Mimi changu nimeshakipata." Akamrudishia.

Nje ikatangazwa treni ya uwanja wa ndege, na hii pia, mnajua, haingoji mtu. Wote wakainuka. Bi Mize akasimama mlangoni, mkono mmoja umemshika mumewe, mwingine umeshika kofia. Wale watatu wakasimama mbele yake, wakaaga kwa desturi ya kwao, yaani kwa kuinama. Bibi Fumiko akainamisha kichwa. Bwana Okuda akavua kofia yake ya kazi, akainamisha kichwa. Bwana Seiji akainamisha kichwa. Vichwa vitatu, viko wazi, viko sawa, na mkono wa Bi Mize umeshainuka.

Haya, nyinyi mlionikunjia uso tangu mwanzo, treni inaingia. Semeni upesi: je, avikwe nani?