Bi Pimbi na Kiboko Mlanguzi wa Tiketi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Tuambie wewe!

Pakawa mto na kivuko, pakawa chuo na uwanja, pakawa mwenye kiti asiyekaa na mwenye hamu asiye na kiti. Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mimi nikianza sirudii.

Hapo kale, huko Bondeni, kulikuwa na chuo cha wanyama vijana. Walifundishwa mengi pale, kuhesabu na kuimba na kutambua majani yenye sumu, lakini ukimuuliza mtu wa Bondeni, "Chuoni wanasoma nini?" alikujibu neno moja tu: "Kikapu!" Mpira wa kikapu ndio uliokuwa chai yao na mkate wao. Du-du-du, mpira chini. Fyuu, mpira juu. Chwaa, kikapuni! Basi hapo hata Kobe aliruka.

Kila baada ya mavuno, wazazi walinunua tiketi za msimu. Tiketi yenyewe ilikuwa kipande cha gome la mti kilichochorwa alama ya kiti chako. Ukiwa nacho, unaingia kila mechi mpaka msimu uishe. Bi Pimbi na mumewe walinunua mbili, viti vya mbele kabisa, wakalipa kwa viazi vyao.

Pimbi, kama hamumjui, ni mnyama wa majabali. Ni mnene kama mto wa kulalia, hana mkia, na akinyamaza utadhani ni jiwe lenye macho. Huyu Bi Pimbi alikuwa na binti mmoja, Mashavu, na Mashavu alikuwa kwenye timu ya chuo. Alikuwa kwenye timu, ndiyo, lakini kucheza hakucheza. Kazi yake ilikuwa kukaa benchi na kuwashikia wenzake vibuyu vya maji. Hata hivyo baba na mama hawakukosa mechi. Wenzao walishangilia mabao, wao walishangilia vibuyu. "Mwangalie mwanetu anavyoshika!" Bi Pimbi alikuwa akisema. "Hata tone halimwagiki!"

Siku moja mumewe akateleza jabalini, pwaa! Mguu ukavunjika. Bi Pimbi akabaki nyumbani kumfunga vijiti, kumkanda, na kumlisha. Mechi ikapita. Nyingine ikapita. Tiketi zikakaa bure ukutani.

"Mama Mashavu," mumewe akamwambia, "kiti kitupu hakipigi makofi. Swala jirani yetu anazitamani hizo tiketi. Muuzie kwa bei tuliyonunulia, naye akamshangilie mtoto badala yetu."

Shauri jema. Bi Pimbi akazitia tiketi kikapuni, akaenda kwa Swala. Lakini njia ya kwa Swala, kama njia ya uwanjani, ilipita kivukoni. Na kivukoni alilala nani?

— Nani?

Kiboko!

"Umebeba nini, we mama?" Kiboko akauliza.

"Tiketi za msimu, Bwana Kiboko. Hatuzitumii, nampelekea jirani."

"Tiketi isiyotumika hupitia kwangu." Akafungua mdomo, aah! Ukisimama mbele ya mdomo ule unaona mpaka chakula cha juzi. Bi Pimbi akaziachia tiketi mwenyewe. Kiboko akamtupia konzi ya pumba. "Biashara ni biashara. Haya, nenda."

Na si yeye peke yake aliyefanyiwa hivyo. Aliyeuguliwa, aliyesafiri, aliyejifungua, kila ambaye hakuweza kwenda uwanjani alipofika kivukoni aliacha tiketi akaondoka na pumba. Kisha Kiboko akawauzia wenye hamu. Bei yake? Gunia la viazi kwa kiti kimoja. Anayeweza atoe, asiyeweza apande mti achungulie. Wengi hawakuweza. Viti vikawa vitupu, na vijana wa Bondeni wakawa wanacheza mbele ya mawe. Walifungwa, wakafungwa tena, wakaingia fainali kwa kuponea chupuchupu.

Basi siku moja kabla ya fainali, Mashavu akaja nyumbani mbio, hata kupiga hodi hakupiga.

"Shikamoo mama! Shikamoo baba! Nimepangwa!"

"Marahaba mwanangu. Umepangwa wapi?"

"Kucheza! Tumbili ameteguka kidole. Kocha Nyati amesema kesho nacheza mimi. Mtakuja?"

"Tutakuja," Bi Pimbi akasema. Neno likatoka kabla ya akili. Mashavu akamkumbatia, akarudi mazoezini akirukaruka, na mama akabaki amesimama mlangoni na ahadi yake mkononi kama mtu aliyepewa kaa la moto.

Akaenda kivukoni. "Bwana Kiboko, nakuomba nirudishie zile tiketi zangu mbili. Mwanangu anacheza kesho. Nitakurudishia pumba zako, na nyongeza juu."

Kiboko akacheka mpaka maji yakatikisika. "Fainali, mama! Kwa wewe mwenye mtoto uwanjani, bei ni viazi vyote vya ghalani kwako."

"Vyote? Hivyo ndivyo tutakavyokula kiangazi!"

"Basi kaleni kiangazi, msiangalie kikapu."

Bi Pimbi akarudi nyumbani, akamweleza mumewe. Mzee Pimbi akautazama mguu wake, akaitazama ghala. "Mpe," akasema polepole. "Mtoto anacheza mara ya kwanza mara moja tu. Sisi tutatafuna mizizi."

"Na huo mfupa wako utaunga kwa mizizi?" Bi Pimbi akamjibu. Akachukua kapu, akaanza kulijaza viazi. Alikuwa amekubali kushindwa, nisiwafiche. Akajitwika, akashika njia.

Jua lilikuwa utosini. Alipopita karibu na chuo akasikia kishindo, ti! ti! ti! Timu ilikuwa inakimbia kulizunguka bonde, vumbi juu, ndimi nje, he-he-he, he-he-he, na Kocha Nyati nyuma yao akifoka, "Nani amewaambia msimame? Zunguka tena!"

Bi Pimbi akasimama. Akawatazama wale wakimbiaji. Akakumbuka kwamba Kiboko ana ngozi isiyovumilia jua hata kidogo. Akatua kapu lake chini, akalificha kichakani, akaenda mbio nyumba kwa nyumba. Kila nyumba aliacha neno moja: "Kiboko akija kukuuzia tiketi, mwambie hutaki, unaogopa kukimbia."

"Mimi niogope kukimbia?" Swala akauliza. "Nani ataamini?"

"Jirani yangu, Kiboko akiwa na hofu ataamini lolote. Wewe sema tu."

Kisha akarudi kivukoni mikono mitupu.

"Viazi viko wapi?" Kiboko akauliza.

"Sivileti, bwana wangu! Nimekuja kukushukuru!" Bi Pimbi akapiga magoti ukingoni. "Ahsante kwa kunichukulia tiketi zangu. Ahsante kwa kuninyima. Umeniokoa, Mungu akuzidishie!"

Kiboko akainua sikio moja. "Nimekuokoa na nini?"

"Kwani wewe hujasikia?"

"Sijasikia nini?"

"Basi. Nisiwe mimi wa kukuharibia siku." Akageuka kuondoka.

"Simama hapo! Sema!"

Bi Pimbi akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Chuo kimechoka na viti vitupu. Sasa, mwenye tiketi ambaye kiti chake hakina mtu, anakabidhiwa kwa Kocha Nyati akimbie. Kiti kimoja kitupu, kulizunguka bonde mara moja, saa sita mchana. Mimi na mume wangu mgonjwa tungekwisha!"

"Uongo!" Kiboko akanguruma.

"Labda ni uongo," akasema Bi Pimbi. "Lakini wale ni akina nani?"

Ti! ti! ti! Timu ikapita ng'ambo ya mto. He-he-he, he-he-he. "Hakuna kupumzika!" Kocha Nyati akafoka. "Mlitaka viti, sasa mtavijua!" Maskini, alikuwa anawasema wale waliopenda kukaa benchi. Mwisho kabisa wa msafara alikimbia Mashavu, na Bi Pimbi akageuzia uso upande mwingine asije akaitwa "Mama!"

Kiboko akavitazama vile vipande vya gome alivyovirundika ukingoni. Rundo lilikuwa refu kuliko Bi Pimbi. Jasho likamtoka ndani ya maji.

Akatoka mtoni mbio. Akaenda kwa Swala. "Tiketi, tiketi! Gunia la viazi!"

"Sitaki, bwana. Naogopa kukimbia."

Akaenda kwa Nungunungu. "Tiketi, tiketi! Kiazi kimoja tu!"

"Sitaki, bwana. Naogopa kukimbia."

Akaenda kwa Kobe. "Tiketi, tiketi! Bure kabisa!"

"Sitaki, bwana," Kobe akasema. "Mimi hata kutembea naogopa."

Kiboko akataka ushahidi wa mwisho. Akamfuata Kocha Nyati mwenyewe. Bi Pimbi alipomwona anaelekea chuoni, moyo ukamdunda, du-du-du, kama mpira. Kocha akimwambia kweli, tiketi hazipo, viazi havipo, na yeye mwenyewe hayupo. Akajibanza nyuma ya jiwe, akawa jiwe.

"Kocha," Kiboko akasema, "ni kweli hawa uliowashika wanakimbia saa sita mchana?"

"Kweli."

"Hata wanene?"

"Wanene ndio hasa!" Kocha Nyati akampima kwa macho toka kichwa mpaka miguu, akadhani ni mtu anayetafuta nafasi kwenye timu. "Mwili wako mzuri. Nikikukimbiza vizuri utanifaa. Njoo kesho, nitakuanza mapema."

"La! La, Kocha! Kesho viti vyote vitajaa!"

"Viti?" Kocha akashangaa, lakini Kiboko alikwisha kutimua vumbi. Nyuma ya jiwe Bi Pimbi akajiziba mdomo kwa mikono miwili asipige kigelegele.

Kiboko akarudi kwa Swala anahema. "Jirani mwema, nikupe nini ukakae kitini kesho?"

"Gunia la viazi," akasema Swala. Akapewa gunia.

Akarudi kwa Nungunungu. "Nikupe nini ukakae?"

"Gunia la viazi." Akapewa gunia.

Akarudi kwa Kobe. "Nikupe nini ukakae?"

"Gunia, na unibebe unifikishe." Akapewa gunia, akabebwa.

Nyumba kwa nyumba, viazi alivyowalangua wenzake vikarudi vyote kwa watu wa Bondeni. Mwisho wa yote akafika kwa Bi Pimbi na tiketi mbili za viti vya mbele.

"Mama, nakusihi. Hizi mbili ndizo zimebaki."

"Ah, Bwana Kiboko, mume wangu hawezi kutembea."

"Akakae tu! Kukaa hakuhitaji mguu!"

"Na huyo wa kumpeleka uwanjani atatoka wapi?"

Basi kesho yake watu wa Bondeni wakaona ajabu. Kiboko amembeba Mzee Pimbi mgongoni, mguu umefungwa vijiti, anampeleka uwanjani kwa upole kama anabeba yai. Akamkalisha mbele. Akazunguka uwanja mzima akikagua kiti kwa kiti. Hiki kina mtu. Hiki kina mtu. Hiki kina watu wawili! "Nimepona," akanong'ona. Akashusha pumzi ndefu, fuuu, akaenda zake mtoni, maana jua lilikwisha kupanda.

Priii! Filimbi ikalia. Wageni walikuwa Nyumbu wa Chuo cha Nyikani, warefu, wana kasi. Kwanza wakawazidi wenyeji. Du-du-du, chwaa! Du-du-du, chwaa! Lakini uwanja ulikuwa umejaa, na uwanja ukijaa vijana hawachoki. "Bondeni! Bondeni!" Nungunungu aliipiga miiba yake kama kayamba.

Mashavu akapewa mpira. Nyumbu wakamtafuta juu, kumbe yuko chini. Akapita katikati ya miguu ya mmoja, akapita chini ya tumbo la mwingine, mpaka chini ya kikapu. Akamrushia Twiga. Twiga hakuruka hata kidogo, aliinama tu, akauweka mpira ndani kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Chwaa! Wakafanya hivyo tena. Wakafanya tena. Nyumbu wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, na filimbi ya mwisho ilipolia, Bondeni walikuwa mbele kwa kikapu kimoja.

Bi Pimbi hakuweza kushangilia. Alikuwa amekaa, machozi yanamtiririka, anapumua tu, kama mtu aliyetua mzigo baada ya kupanda mlima. Mzee Pimbi ndiye aliyepiga kelele kwa niaba ya wote wawili. Mashavu akaja mbio, jasho tupu.

"Mama! Mliniona?"

"Tulikuona, mwanangu. Tulikuona wote."

Na Kiboko je? Kiboko mpaka leo anaamini kwamba alinusurika. Ndiyo maana jua likiwaka humwoni nchi kavu. Anazama, chubwi, anabakiza macho na masikio tu, anachungulia kama Kocha Nyati amepita. Usiku ndipo anapotoka kula, tena anakula haraka haraka.

Haya, wanangu, funzo la ngano hii ni lipi?

— Kulangua ni kubaya!

Nani kasema? Funzo ni hili: waheshimuni matajiri, kwa sababu wana huruma sana. Tazameni Kiboko. Aligawa tiketi bure, akagawa viazi, akambeba mgonjwa mgongoni, na hata ahsante hakungoja. Basi tajiri akija kwenu na ukarimu wa namna hiyo, msimuulize umetoka wapi. Na uongo pia ni mbaya, msiseme uongo. Mkiona hamna budi, ngojeni kwanza wapite watu wanaokimbia.

Nami ngano yangu nimeitua hapa kama mzigo wa kuni. Ikiwa imewaka vizuri, oteni moto. Ikiwa imetoa moshi, futeni macho mkalale.