Makali ya Mguu wa Kushoto

Mgonjwa anayemwonyesha daktari mahali pasipouma hurudi nyumbani na maradhi yake. Ndiyo maana wahenga wakasema mficha uchi hazai: mwenye shida asipoifunua mbele ya wanaoweza kumsaidia, ataibeba peke yake mpaka imshinde. Eskil Tangnes, nahodha wa timu ya magongo ya barafuni ya Skogvik, aliibeba ya kwake majira mazima ya baridi, na sisi tulikuwa tukimtazama na kumshangilia.

Nani Skogvik asiyemjua Eskil? Alivaa viatu vya barafu, vile vyenye chuma chini cha kutelezea, akiwa na miaka mitano, kwenye ziwa lililo nyuma ya shule. Alipofika kumi na minane alikuwa akilipwa kucheza. Akaenda Uswidi miaka mitatu, akayaacha huko meno mawili ya mbele, kisha akarudi nyumbani kuwa beki tegemeo. Sasa alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Aprili, na viongozi walikuwa wamesema watazungumza naye mechi za mtoano zikiisha. Nyonga yake ya kushoto nayo ikachagua msimu huohuo kuanza kuuma.

Novemba maumivu yalikuwa kama mwiba tu. Kufikia Januari hakuweza kuvaa soksi bila kuketi kitandani na kuuma meno. Alimeza vidonge viwili asubuhi na viwili kabla ya mazoezi, na akimwona daktari wa timu ukumbini alikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga. Aliogopa. Akisema, atapumzishwa. Akipumzishwa, Jostein, beki wa akiba mwenye miaka ishirini, atachukua nafasi yake. Na nafasi ikishachukuliwa, nani atampa mkataba mtu mwenye nyonga mbovu?

"Unapanda ngazi kama babu yangu," mkewe Ingunn alimwambia asubuhi moja. "Mguu mmoja, pumzi, mguu mwingine. Una nini?"

"Niko sawa."

"Eskil, nimeuliza una nini, sijauliza kama uko sawa."

"Uchovu tu, jamani! Mechi tatu kwa wiki, unataka niruke kama sungura?"

Ingunn akaenda kumimina kahawa. Huku kwetu mtu akisema yuko sawa humchimbi zaidi. Tunauita huo ustaarabu.

Lakini alikuwapo mtu mmoja ambaye Eskil alimwogopa kuliko daktari. Huyo alikuwa Halvard, mtunza vifaa, mzee wa miaka sitini na minne aliyeweka ugoro chini ya mdomo wa juu tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa miaka thelathini alikuwa ndiye anayenoa viatu vya timu. Mchezaji aweza kumdanganya kocha, hata mkewe, ila chuma cha kiatu hakidanganyi. Mguu unaosukuma barafu hulika makali. Mguu unaotegea hubaki mkali.

Siku moja ya Februari, baada ya mazoezi, Halvard alikigusisha chuma cha kulia kwenye ukucha wa kidole gumba kupima makali, kisha cha kushoto. Akarudia tena.

"Ajabu hii," alisema. "Huku kulia kumekuwa butu kama kijiko. Huku kushoto naweza kunyolea ndevu."

"Labda kushoto ulinoa vizuri zaidi, mzee."

"Mimi nanoa sawasawa, we Mswidi." Hilo ndilo jina alilombandika tangu aliporudi. "Wewe ndiye huendi sawasawa."

"Aa, ugoro umekupanda kichwani!"

Halvard alicheka, lakini macho yake yalibaki kwenye kiatu. Eskil alitoka mle ndani jasho likimtiririka mgongoni, na nje theluji ilikuwa ikianguka.

Tangu siku hiyo akabuni hila. Kila mazoezi yalipokwisha alijificha nyuma ya gari lake, akakisugua kiatu cha kushoto kwenye ukingo wa zege, mara moja, mara mbili, mpaka makali yalingane na ya kulia. Ndipo akampelekea Halvard viatu. Mzee hakuuliza tena. Eskil akashusha pumzi, ingawa kila hatua ya ngazi aliihesabu.

Ikafika mechi ya saba ya nusu fainali. Timu zilikuwa zimegawana ushindi tatu kwa tatu. Mshindi angekwenda fainali na mshindwa angekwenda kunyoa ndevu, maana kwa mila ya mchezo huu hakuna anayeshika wembe mpaka timu yake itolewe. Ukumbi ulijaa. Wazazi wa timu ya watoto, waliokuwa zamu, walimimina kahawa na kugeuza vafla, zile chapati tamu za huku kwetu, na harufu yake ilifika mpaka chumba cha wachezaji. Baada ya vipindi viwili matokeo yalikuwa mbili kwa mbili.

Wakati wa mapumziko Halvard alipita akikusanya viatu. "Leteni niviguse kidogo. Nahodha, na vyako."

Eskil akakinyakua kiatu cha kushoto. Viatu vilikuwa vimenolewa asubuhi. Kwa vipindi viwili alikuwa amesukuma kwa mguu wa kulia peke yake; mzee akigusa tu, atajua. Na Roar, kocha, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

"Nakuja, mzee. Nimebanwa."

Aliingia msalani na kiatu cha kushoto mkononi, akapiga magoti, akakisugua kwenye kizingiti cha zege. Kwa haraka na hofu alikandamiza kupita kiasi. Alipotaka kuinuka, nyonga ilikataa. Alibaki pale sakafuni ameshika sinki, akijivuta, akisikia wenzake wakitoka mmoja mmoja. Alipofanikiwa kusimama, kengele ilikuwa imelia.

"Muda umekwisha. Viko sawa," alimwambia Halvard huku akifunga kamba.

Mzee alimtazama. Akafungua kinywa, akakifunga. "Haya," akasema.

Zikiwa zimebaki dakika nne, mshambuliaji wa wageni alichomoka na kile kisahani cheusi kinachopigwa kwa magongo, upande wa kushoto wa Eskil. Ilikuwa kazi aliyoifanya mara elfu: kugeuka, kuegemea mguu wa kushoto, kumfungia njia. Akageuka, akaegemea. Makali hayakushika barafu. Mguu uliteleza ukaenda zake, na ndani ya nyonga kitu kikakatika. Akiwa amelala kifudifudi alikiona kisahani kikivuka mstari wa goli. Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba watu wa viti vya juu kabisa walimsikia akilia.

Hospitalini, daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimuuliza, "Maumivu yalianza lini?"

"Juzi," Eskil akasema. Mazoea yana tabu. Kisha akageukia ukutani. "Novemba."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ungekuja Novemba, tungekutoboa vitundu viwili vidogo, na leo ungekuwa barafuni. Sasa gegedu, ule mto laini katikati ya mifupa, imelika. Utatembea vizuri, usiogope. Lakini kucheza kwa kulipwa, basi."

Kesho yake alikuja Roar, akakaa bila kuvua koti.

"Mkataba wako ulikubaliwa tangu Januari," alisema. "Miaka miwili. Hata ungekaa nje msimu mzima tungekungoja. Ulidhani tutakutupa, bwana?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Na wewe, mbona hukutuambia?"

Jumapili akaja Halvard, kidevu kimenyolewa, viatu vya Eskil amevifunga kwenye taulo. Alikifunua cha kushoto akakigeuza mwangani.

"Barafu haikwaruzi hivi. Hii ni zege. Niliiona tangu Februari."

"Ulijua?"

"Nilijua, Eskil." Hakumwita Mswidi. "Nikajiambia, ni mtu mzima, atasema mwenyewe. Uongo. Nilitaka tushinde. Miaka thelathini nanoa vyuma vya watu, sijawahi kushika kombe hata mara moja. Niliogopa ukipumzishwa tutatolewa." Akaanza kulia, mzee mzima, ugoro ukimshuka kwenye meno.

Eskil alikichukua kiatu, akakipitisha chuma kwenye ukucha wake. Hakikuacha hata alama.

"Kumbe tulificha wawili," alisema.

"Wawili."

Walikaa hivyo, kiatu kikiwa juu ya blanketi kati yao, mpaka Ingunn alipoingia na kahawa. Aliyeficha hakupona, na aliyemfichia hakushinda: kweli, mficha uchi hazai.