Fundo la Kalunde

Hapo zamani, enzi ambazo chumvi ilifuatwa kwa miguu siku nne, palikuwa na mpika chumvi aliyeitwa Kalunde. Alichota maji ya chemchemi, akayachemsha vyunguni mpaka yakakauka, akaifunga chumvi kwa majani makavu ya mgomba. Kisha akapiga fundo lake: kamba inazunguka mara tatu, sikio moja linabaki juu. Wala hakufunga furushi kabla ya kuonja kilichomo. Ikiwa na jivu, anamwaga. Ikiwa na mchanga, anamwaga. Alimwaga miaka thelathini, hadi watu wa mbali wakawa hawafungui tena. Wanatazama fundo, wanabeba.

Nawe unayesinzia pale ukutani, sikiliza vizuri, maana nitakuuliza wewe kwanza.

Kalunde akaugua homa. Homa ikaondoka, ikaondoka na ladha yote. Asali na jivu vikawa kitu kimoja ulimini mwake. Hakumwambia mtu ila Milembe, mke wa mwanawe.

"Mwanangu, ulimi wangu umekufa. Utaonja wewe, utafunga wewe. Ila jina libaki palepale."

"Sawa, mama."

Milembe akaonja, akafunga. Jivu akamwaga. Mchanga akamwaga. Mwaka mzima hakuna aliyejua, na tusifichane, ilimuuma. Kila sifa iliyokuja pale nyumbani ilimpita yeye ikaenda kwa mama mkwe.

Basi mtemi wa nchi ile akaandaa sherehe ya kumtawaza mrithi wake. Mpishi wake mkuu, mzee Kasanda, akaagiza mafurushi thelathini ya fundo la Kalunde. Mvua ikaingia vyunguni, wakapata ishirini na manne.

"Peleka hayohayo," Kalunde alisema, "na uwaambie ndiyo tuliyo nayo."

Lakini Milembe alimjua Kasanda. Ukimpungukia mara moja, harudi mlangoni kwako. Akaenda kwa jirani yao Nyanzala, mjane aliyehamia pale mwaka wa tatu sasa, akaonja chumvi yake. Ilikuwa nzuri kuliko yao.

"Dada, mbona huuzi?"

"Wanasema kizuri chajiuza. Changu kiko darini tangu nije. Watu wanauliza, fundo la nani? Nikisema la Nyanzala, wanapita zao."

"Nipe mafurushi sita niyafunge kwa fundo letu. Nitakuletea magunia mawili ya mtama. Ila usimwambie mtu."

Nyanzala aliwatazama wanawe, na siku ile hawakuwa wamekula. "Chukua, mdogo wangu. Sitasema."

Siku ya sherehe, Kasanda akasimama mbele ya watu, mkono mmoja kamba ya ng'ombe mtamba mwenye mimba, mkono mwingine furushi lililofunguliwa.

"Nimezeekea jikoni, na chumvi kama hii sijapata kuionja. Mtemi anatoa mtamba huyu kwa anayestahili sifa ya furushi hili. Na kuanzia leo jiko lake litanunua kwa mtu huyo tu. Kalunde, njoo upokee."

Kalunde akainuka. Milembe akaliangalia lile furushi. Jani la ndani lilikuwa limekunjwa pembe mara mbili, na pale kijijini ni Nyanzala peke yake aliyekunja hivyo. Nyanzala mwenyewe alikuwa katikati ya watu, mtoto mgongoni, anatazama miguu yake. Alikuwa ameahidi, na alikuwa anatimiza. Milembe akaona aibu.

"Babu Kasanda, ngoja kwanza."

Akasema yote. Yale mafurushi sita, ule mtama, hata ulimi wa mama mkwe hakuuficha. Watu wakamgeukia Kalunde, na mama wa watu akabaki amesimama hana pa kuweka mikono.

"Mkinisuta ni haki yenu," Kalunde alisema taratibu. "Lakini bila fundo langu, nani angelibeba furushi hilo mpaka hapa? Miaka thelathini nimemwaga chumvi ambayo wenzangu waliiuza. Na mimi nilisema yapelekwe ishirini na manne. Uongo huu haukutoka kwangu."

Nyanzala akasema, "Mimi mtama nimeula, na nikanyamaza. Ila mtemi hakulamba kamba. Alilamba chumvi, na chumvi niliipika mimi."

Milembe akasema, "Mimi ndiye niliyewadanganya, siruki. Lakini mwaka mzima ulimi wa fundo lile ni huu wangu. Mama asingeweza kuijua chumvi hii, dada asingeweza kuiuza. Na ningefumba mdomo tu, saa hizi mtamba angekuwa njiani kwenda kwetu."

Kasanda akamtazama huyu, akamtazama yule. "Mimi naonja mchuzi," akasema, "haya mengine hayamo chunguni mwangu." Akainyoosha ile kamba mbele yao wote watatu, mtamba akawa anatafuna jani la furushi.

Wala msiniambie wagawane. Mtamba ni mmoja, na jiko la mtemi litafuata mtu mmoja. Haya, wewe wa ukutani, amka. Kasanda mkono umeanza kuchoka. Kalunde aliyelijenga jina, Nyanzala aliyeipika chumvi, au Milembe aliyeionja, akadanganya, kisha akasema kweli: je, nani alistahili kuishika kamba ile?