Njia ya Nyumbani kwa Zaina

"Njia hupimwa kwa jeneza." Mmeisikia leo mkutanoni mkaguna, mkadhani tunamwapiza mtu. Hatumwapizi yeyote. Methali hii ni ya mtaa wetu wa Kwamdoe, haikuletwa na mtu kutoka mjini, nami naijua ilikotoka kwa sababu siku ile nilikuwa karani wa kamati ya ardhi.

Ilianza hivi. Mzee Shekiondo aliamua kuwagawia wanawe kiwanja chake. Sehemu ya nyuma ilikuwa ya Zaina, binti yake aliyeachika akarudi nyumbani na watoto watatu, wote wakabanana chumba kimoja. Sheria ndogo za halmashauri zilitaka kila kiwanja kipya kifikiwe kwa njia ya mita sita, tena yenye lami. Mzee alikuwa na kichochoro cha mita moja na nusu kando ya nyumba yake, na lami hakuiweza. Akaomba asamehewe vyote viwili. Bila kibali, Zaina asingejenga.

Nani angemnyima? Miaka thelathini alikuwa mstari wa mbele kuwaosha na kuwazika wafu wetu. Nami, nasema kweli, nilishaandika "Imekubaliwa."

Aliyetuzuia ni mwenyekiti, Bi Mwanahawa. Mzee Shekiondo alikuwa baba yake mdogo, na ndiye aliyemlea.

"Baba," alisema, "naomba tukaazime jeneza la msikitini."

"Kwani amekufa nani?"

"Hajafa mtu. Nataka tulipitishe kwako."

Watu waliguna. Wengine walisema mtoto huyu hana adabu. Hata hivyo jeneza lililetwa, na wanaume wanne wakalibeba tupu kutoka kiwanja cha nyuma. Kwenye pembe ya baraza la mzee, lililotokeza kichochoroni, likakwama. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena, likakwama. Mwisho wakalilaza ubavu, ndipo likapita.

Mzee Shekiondo aliitazama ile pembe ya baraza. Kisha akasema, "Nimebeba watu wengi mtaa huu. Sijamlaza hata mmoja ubavu."

"Najua, baba."

"Basi wangu walazwe kwa ajili ya baraza?"

Akaingia ndani, akatoka na nyundo, akaanza kulibomoa baraza lake mwenyewe, lile alilokuwa akinywea kahawa kila alasiri. Nilitokwa na machozi, sioni haya kusema.

Baraza lilipoondoka, njia ikawa mita nne. Jeneza likapita mabegani bila taabu, na gari la wagonjwa lingeingia. Kamati ikakaa papo hapo. Mita mbili zilizopungua tukazisamehe. Lami nayo tukaisamehe, amwage changarawe, maana mgonjwa hupita hata kwenye changarawe. Nikafuta nilichoandika, nikaandika upya pamoja na sababu zake, na halmashauri ikapitisha bila kubadili neno.

Wa kwanza kupita pale hakuwa maiti. Lilikuwa lori la matofali ya Zaina, wanawe watatu wakilikimbilia nyuma, na mzee mbele akimwongoza dereva kwa mikono miwili: "Njoo! Njoo! Nafasi ipo!"

Tangu hapo, anayeomba msamaha wa njia mtaani kwetu haulizwi ni ndugu wa nani. Bi Mwanahawa mwenyewe aliwahi kusogeza uzio wake baada ya jeneza kukwama hapo. Kwingine huangaliwa sura ya mwombaji. Kwetu sisi Kwamdoe, njia hupimwa kwa jeneza.